Makofi ya Masomo Mepesi

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu mliotembea kutoka Singe na Bonga na tope hili, poleni na njia. Vijana nawasalimia mwisho, maana habari hii ni yenu zaidi. Mzee wetu wa kanisa alitaka kutangaza jambo langu asubuhi hii, mama yangu asimame kama kawaida, nanyi mpige makofi. Nimemwomba anipishe kwanza. Mtu mzima kama yule akikupisha, huna budi useme kweli.

Desturi yetu mnaijua. Mtoto wa hapa akiwa chuoni, kila mwaka matokeo yake yanasomwa hapa mbele, mzazi anasimama, anapigiwa makofi. Ni desturi nzuri, siisemi vibaya. Mama yangu alikuwa na kitenge kabisa cha siku hiyo. Msimcheke, yupo pale.

Nilikwenda kusoma shahada ya uuguzi, na nilisema mbele yenu kwamba nikimaliza naendelea na chuo cha usingizi. Mtu wa usingizi ndiye anayekupa dawa usisikie kisu, kisha anakaa kichwani pako akilinda pumzi yako mpaka uamke. Nilipomweleza mama, aliuliza tangu lini kulala kukahitaji digrii, mbona baba yako hajasomea. Lakini alielewa. Mkoa wetu ulikuwa mchanga, wagonjwa wa kupasuliwa wengi tulikuwa tunawapakia gari kwenda Arusha, na barabara ya wakati ule mnaikumbuka.

Chuoni, mwaka wa pili, kuna masomo mnachagua wenyewe. Nikamfuata mwalimu wetu mmoja, mama mpole, nikamuuliza nichague yapi. Hakuzunguka. Akasema nichukue kemia, nichukue fizikia, nichukue lile somo refu la dawa, na likizo nikafanye kazi na wagonjwa mahututi. Chuo cha usingizi, alisema, kinatazama hayo kabla ya kutazama daraja.

Ndugu zangu, nilitoka pale nimenywea. Kemia ilinitoa jasho tangu sekondari. Nikaona nikipata C, ndiyo hiyo C mtakayosomewa, na mama na kitenge chake asimamie nini? Nikachagua mepesi: uongozi wa wodi, mbinu za kufundisha, mambo ya jamii. Ni masomo mazuri kwa mwenye safari yake. Safari yangu haikuwa hiyo. Nilikuwa natafuta makofi.

Ningeishia hapo, ningekuwa nimejikosea mwenyewe tu. Lakini chumbani nilikaa na mwenzangu, binti wa wafugaji wa tambarare za Hanang. Naye alitaka usingizi, kwa sababu shangazi yake alifia njiani akipelekwa kupasuliwa. Kemia alikuwa anainywa kama maji. Ila Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya kwao, wengine walimcheka, akawa anaona haya kwenda kwa walimu. Ndiyo maana alinituma mimi nimuulizie na yeye. Niliporudi akaniuliza, "Dada, mwalimu amesemaje?"

Nikamjibu kwamba mwalimu amesema somo lolote sawa, wanachotazama ni alama.

Akanishukuru, na shukrani ile naikumbuka mpaka leo. Kwa nini nilidanganya? Angekwenda kwenye kemia, ningebaki peke yangu kwenye mepesi, na angefaulu, kila mtu angejua mimi nilikimbia. Nilimtaka awe kando yangu ili uoga wangu usionekane. Sababu nyingine nimeitafuta sana, sijaipata.

Basi tukavuna A. Mkapiga makofi, mama akasimama.

Tulipomaliza tukaenda pamoja kwenye usaili wa chuo cha usingizi. Alitangulia yeye kuingia. Wakamuuliza kemia iko wapi, fizikia iko wapi. Akasema alishauriwa hivyo. Wakataka kujua na nani, hakumtaja mtu. Nami nilipoingia yakawa yale yale, tukakataliwa wote wawili. Tukiwa nje tunakula mahindi ya kuchoma, akasema yule mwalimu ametuponza. Nikaendelea kutafuna. Oneni mtu huyo, mahindi yakapita kooni kabisa.

Mwenzangu akarudi kwao, akapata kazi zahanati. Mimi nikaajiriwa wodi ya wazazi, na nyie nikawaambia nafasi zilijaa. Huo nao ulikuwa uongo.

Masika moja akaletwa mama mwenye uchungu uliokwama. Daktari alikuwepo, chumba kilikuwepo, vifaa vilikuwepo. Mtu wa usingizi tulikuwa naye mmoja tu, naye amefiwa, yuko msibani mbali. Ikabidi mama yule apakiwe gari. Alirudi mzima, mtoto hakurudi. Siku aliyopita wodini kutuaga, akanishukuru kwa kumshika mkono alipokuwa anaondoka. Akanishukuru mimi! Nikaenda nyuma ya jengo nikalia, kwa sababu kulikuwa na watu wawili waliopaswa kuwa pale wanampa dawa, na wote wawili niliwazuia mimi.

Nikaomba ruhusa, nikaenda kwa mwenzangu. Nilimkuta anatikisa kibuyu cha maziwa. Nikamweleza yote, sikupunguza. Akaacha kutikisa, akanitazama, akasema, "Dada, muda wote huu nimemlaumu mwalimu wa watu mpaka kwenye maombi yangu."

Kisha akanionyesha njia ya kuondokea. Kwa wale watu, mgeni kuondoka bila hata kikombe cha maziwa, mnajua maana yake.

Wiki zikapita, nikajua nimempoteza. Halafu akaja mwenyewe wodini, bila salamu nyingi. Akasema tunarudi chuoni wote kusoma tuliyoyaruka, na kabla ya hapo mimi naenda kumwomba mwalimu msamaha. Nikakubali. Alipofika mlangoni akageuka: "Na kanisani kwenu walikupigia makofi. Ukawaambie pale pale."

Mwalimu alinikaripia kama mtoto wake wa kuzaa, kisha akatutafutia nafasi. Tukakaa darasani na watoto waliotuita mama. Mwenzangu ndiye aliyenifundisha kemia, kwa ukali, na sikuthubutu kulalamika. Nilipata C. Hiyo hamkusomewa, basi leo nimewasomea.

Yeye alipokelewa chuo cha usingizi mara moja, amemaliza, yuko kazini. Nilimkaribisha leo, akasema ana zamu, kuna mtu anapasuliwa. Mimi walinikataa tena. Nikaomba kuhamia chumba cha upasuaji, nikajifunza kwa kutazama na kutumwa, na mwaka huu chuo cha usingizi kimenipokea. Ndiyo habari aliyotaka kutangaza mzee. Lile agizo la kuwaambia nyie ndilo lililonishinda mpaka leo.

Namshukuru mwalimu yule. Namshukuru mwenzangu, aliyekuwa na haki ya kunifungia mlango moja kwa moja. Nawashukuru na nyie kwa kunisikiliza bila kunong'ona, au mmenong'ona kidogo tu.

Vijana, mkichagua masomo, mfikirieni mtu atakayelala mbele yenu, hajitambui, pumzi yake iko mikononi mwenu. Hatauliza mlipigiwa makofi mangapi. Na mwenzako akikutuma neno, mfikishie kama lilivyo. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu, na kuna mtoto wa watu hakufika mwisho wake. Wazee, endeleeni kusoma matokeo, ila muwaulize watoto wamechagua nini na kwa nini.

Mama, nimeona umevaa kile kitenge. Sasa mzee atatangaza. Ukibaki umekaa, sitakulaumu.