Karatasi ya Maziko ya Machteld

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo natangaza kifo cha mtu aliyefariki zaidi ya miaka mia tatu iliyopita, hapa hapa Leiden, Uholanzi. Msicheke. Alitangazwa siku zile zile, ila tangazo lenyewe ndilo lililoharibu msiba. Kwa hiyo natangaza upya.

Marehemu anaitwa Machteld, binti Huybert. Narudia: Machteld, binti Huybert. Alikuwa mchapaji wa vitabu, kwenye kichochoro nyuma ya kanisa la Petro. Lishikeni jina hilo, maana mji mzima ulishindwa kulishika.

Habari hizi nimepewa na Bibi Femke, wa ukoo wake, jikoni kwake, tukila mkate mweusi na jibini. Familia yao haina mali ya kurithishana. Wana hadithi hii.

Mume wa Machteld aliitwa Wouter Bontekraan. Tauni ilimchukua, akamwachia mkewe mtambo wa kuchapia, masanduku ya herufi za madini ya risasi, na mtoto mdogo wa kike, Hadewij. Sasa, chama cha wachapaji kilikuwa na sheria yake. Mjane aliruhusiwa kuendesha duka la marehemu, mradi abaki mjane. Akiolewa, duka ni la mume mpya. Basi Machteld akafunga kibwebwe. Na kila kitabu kilichotoka mikononi mwake kiliandikwa ukurasa wa kwanza, chini: Kimechapwa na Mjane wa Wouter Bontekraan. Mahubiri hivyo hivyo, almanaka hivyo hivyo, tasnifu za wanafunzi hivyo hivyo. Wouter yuko kaburini, jina lake linauza vitabu! Kanisani akaitwa Mjane. Mtaani akaitwa Mjane. Hata muuza samaki akimwona kwa mbali alipaza sauti: "Mama Mjane, njoo! Heringi wa leo hata wewe hutawatia kasoro!"

Mtu mmoja tu alimwita Machteld. Huyo ni Evert, mvuta mtambo wake, yule wa kugandamiza karatasi, mwanamume aliyefiwa na mke na mwenye wana wawili wa kiume.

"Machteld, utazeekea humu na risasi zako."

"Vuta mtambo, Evert. Sikukuajiri uhubiri."

"Na nikikuoa?"

"Unanuka mkojo."

Kweli alinuka. Ngozi za kupakia wino hulowekwa kwenye mkojo zisikauke, na kazi hiyo ilikuwa yake.

"Na wewe je, unanuka waridi?" Evert akamjibu. "Tutafaana tu."

Wakacheka wote wawili. Wasikilizaji wapendwa, Machteld alimpenda mtu huyu. Alimpenda sana. Lakini akiolewa naye, duka ni la Evert, na baada ya Evert ni la wanawe. Hadewij, ambaye kufikia hapo alikuwa akipanga herufi kwa kasi kuliko mama yake, angetoka mikono mitupu.

Siku moja walikuwa darini, karatasi mbichi zimeanikwa kwenye kamba. Safari hii Evert aliuliza bila mzaha. Machteld naye akajibu bila mzaha.

"Nikiolewa nawe, namnyang'anya mwanangu. Usinichagulishe tena, Evert, nakuomba."

"Basi siwezi kuwa nakuona kila siku."

Akaondoka. Akaenda mji wa Haarlem kuvuta mitambo ya watu wengine. Hadewij alikuwa chini ya ngazi, amesikia yote. Bibi Femke anasema Hadewij hakumwambia mama yake kamwe, ila tangu siku hiyo hakuweza kulipita sanduku la herufi bila kuona deni.

Miaka ikaenda. Machteld akazeeka, macho yakafifia, akawa anasoma herufi kwa ncha za vidole. Majira ya baridi ya mwaka mmoja kifua kilimbana, hakuinuka tena.

Hadewij akaketi kupanga karatasi ya maziko, ile inayopelekwa nyumba kwa nyumba kualika watu. Mikono ikaanza yenyewe: Mjane wa Wouter... Hapo akasimama. Akazirudisha herufi sandukuni, moja moja.

"Jina hilo lilimla akiwa hai," akasema. "Kaburini haingii nalo."

Akapanga: Machteld, binti Huybert. Basi. Hakuna mume. Mara ya kwanza jina lake kupigwa wino.

Mpeleka misiba, mtangaza vifo wa mji, na joho lake jeusi, akazisambaza karatasi. Kazi yake ni kusoma kilichoandikwa, akasoma kilichoandikwa. Wachapaji wakasikiliza. Wauza vitabu wakasikiliza. Maprofesa ambao marehemu aliwachapia maisha yao yote wakaigeuza karatasi nyuma na mbele.

"Machteld? Machteld yupi tena?"

"Labda mtumishi wa mtu."

Wakaiweka kando, wakaendelea na chakula.

Siku ya maziko, majirani walibeba jeneza, maana huo ni wajibu wa mtaa. Ila benchi la watu wa chama lilibaki tupu. Hadewij akaangalia mlango, akaangalia tena. Ndipo akaelewa alichofanya. Maneno yake yamefika hadi jikoni kwa Bibi Femke: "Nilimrudishia jina lake, nikamnyima watu wake." Inauma, wasikilizaji. Mimi inaniuma hadi leo.

Sasa, Haarlem nako karatasi ilikuwa imefika kabla ya maziko, kwenye karakana moja ya uchapaji. Tajiri akaisoma. "Simjui huyu. Tia motoni."

"Lete hapa," akasema mzee mmoja aliyekuwa kwenye mtambo.

Evert akapanda mashua ya mfereji, inayokokotwa na farasi ukingoni, mvua inamnyeshea njia nzima. Akaingia kanisani na matope yake, ibada haijaisha, akaketi kwenye benchi lile tupu la wakubwa wa chama, peke yake, katikati kabisa. Hakuna aliyethubutu kumwondoa.

Baadaye Hadewij akamfuata, analia. "Baba Evert, nimekosea. Ningeandika Mjane wa Wouter, wangekuja wote."

"Wote wangekuja, mwanangu," mzee akasema. "Isipokuwa mimi. Ningesema, Wouter na amzike mwenyewe."

Akaikunja karatasi, akaitia kifuani.

Kwa ukoo wa Machteld, kwa Bibi Femke na wanawe: poleni sana. Pole yetu imechelewa, lakini wahenga walisema kawia ufike.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, nawaachia hili moja. Jirani yako yule, unayemwita Mama Fulani miaka yote hii, anayekuazima chumvi na kukulelea watoto. Kesho nikisoma kifo chake hapa redioni, kwa jina alilopewa na mama yake, utajua ni nani? Utakwenda?