Mama Mfuniko na Kitambaa Chekundu cha Saa Sita

Wasikilizaji wapendwa, tumezoea kuambiwa kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Leo methali hiyo naipindua kichwa chini, miguu juu. Mama tunayemkumbuka asubuhi hii alificha maradhi miaka miwili, na kifo kikamsitiri. Walioumbuka ni sisi tuliokuwa tukila.

Mnamjua. Usipomjua kwa sura, unamjua kwa sauti. Ni yule mama aliyetupigia simu kila Jumatano, baada tu ya taarifa ya habari ya saa nne, kutupa neno moja la jikoni. Tulimwita Mama Mfuniko. Msikilizaji akilalamika kwamba wali wake umetoka mbichi juu na kuungua chini, yeye hakuuliza mchele gani wala maji kiasi gani. Aliuliza, "Nani kafunua?"

Mama Mfuniko amefariki dunia akiwa na miaka sitini na minane. Alikuwa mpishi wa nyumbani. Hakuwa na mgahawa, hakuwa na cheti. Alikuwa na jiko dogo la gesi, ghorofa ya tatu, na sufuria iliyobonyea ubavuni. Alipika vya kila siku: maharagwe, kabichi, mayai ya kukaanga na nyanya, wali. Na kila alichopika, bakuli moja lilishuka ngazi kwenda kwa jirani.

Ana binti mmoja. Binti huyo ni fundi miwani; karakana anayofanyia kazi iko ng'ambo ya barabara, mkabala na dirisha la jikoni kwa mama yake. Anakaa kwenye mashine, anasugua vioo, vumbi jeupe linamjaa mpaka kwenye nyusi. Haya ninayowasimulia ameniambia yeye, na ruhusa ya kuyasimulia amenipa yeye.

Miaka miwili iliyopita mama aliugua homa, wiki mbili kitandani. Homa ikaondoka, na ilipoondoka ilibeba ladha yote. Mama Mfuniko alibaki na ulimi wa kusemea tu. Hakumwambia mtu. Aliamka, akafunga kitambaa kichwani, akapika maharagwe. Yule aliyekuwa akitufundisha kwamba chumvi ya maharagwe hutiwa mwisho, yakishaiva, siku ile aliitia mwisho mara mbili.

Majirani walikula. Walikunywa maji kama waliotoka jangwani, wakashukuru, wakarudisha mabakuli. Mama mdogo, yaani mdogo wake marehemu, anayekaa mtaa huohuo, alikula sahani nzima na kusema mkono wa dada haujatetereka. Ni binti peke yake aliyeweka kijiko chini.

"Mama, umetia chumvi mara mbili."

Mama alichota, akaonja. Akachota tena. Binti anasema uso wa mama yake haukubadilika hata kidogo, na hapo ndipo alipojua.

Usiku huo walichemsha maharagwe mengine bila chumvi, wakachanganya na yale. Chukueni hilo, wasikilizaji: chumvi ikizidi, usitupe, ongeza yasiyo na chumvi. Na wakiwa wamesimama pale kwenye jiko, mama akamwapisha binti yake asiseme kwa mtu yeyote.

"Wakijua, watakula kwa kunionea huruma," alimwambia. "Sitaki sufuria yangu iliwe kwa huruma."

Basi wakapanga mpango wao. Kila siku, chakula kikikaribia kuwa tayari, mama alining'iniza kitambaa chekundu dirishani. Ilikuwa kama saa sita. Binti akikiona, anazima mashine, anavuka barabara, anapanda ngazi, anaonja kijiko kimoja. Anasema "bado" au anasema "imetosha." Halafu anashuka. Wenzake karakanani walimcheka. Mtu mzima na miwani yake, walisema, bado anaitwa nyumbani kunyonya. Hakuwajibu. Alikuwa na kiapo, na alikuwa na njaa.

Miaka miwili, wasikilizaji. Miaka miwili ulimi wa sufuria ile ulikuwa wa binti. Mimi mwenyewe niliwahi kuletewa bakuli hapa studio, nikamsifu mama hewani kwa kukoleza. Alinishukuru, akakohoa kidogo.

Msifikiri mama alikuwa amekaa bure. Yale mengine yote aliyafanya mwenyewe, kwa macho, kwa mikono na kwa masikio. Ndipo siku zile alipotupa maneno yale tuliyoyaandika kwenye kuta za majiko yetu. Kitunguu kikipiga kelele, alisema, bado kina maji. Kikianza kunong'ona, tia nyanya. Kabichi iepue ikiwa bado inabishana na meno. Yai halitaki mtu mwenye basi la kuwahi. Sisi tulidhani ni ufundi wa maneno. Kumbe alikuwa akitueleza jinsi ya kupika bila kuonja.

Na chakula alichokipenda kuliko vyote kilikuwa ukoko wa wali. Aliukwangua mwenyewe, akala kwa mkono, amesimama. Binti alimuuliza siku moja anaupendea nini, na hausikii ladha. Akajibu, "Huu angalau unalia nikiutafuna."

Wiki tatu zilizopita, siku ya Jumatatu, saa sita ilifika na kitambaa hakikutoka. Binti alisugua kioo kimoja zaidi. Akatazama dirishani. Akasugua cha pili. Kisha akavuka.

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha jikoni, karoti iliyomenywa nusu mapajani, kisu kimeanguka sakafuni. Sufuria ilikuwa motoni, maji yamebaki kidogo. Binti alizima jiko. Kisha akaokota kisu. Kisha ndipo akamgusa mama yake.

Ameniambia hivyo mara tatu, kwa mpangilio uleule. Jiko, kisu, mama. Hakulia siku ile. Hakulia mazikoni. Alijibu simu, alipanga viti, aliwaonyesha watu choo kilipo. Watu walinong'ona kwamba ana roho ngumu. Yeye anasema hakuwa na roho ngumu, hakuwa na roho yoyote. Alikuwa amekufa ganzi, mtu angemchoma sindano asingegeuka.

Siku ya pili ya msiba aliingia jikoni akapika maharagwe. Aliyaloweka usiku, kama mama. Alisubiri kitunguu kinong'one, kama mama. Chumvi akaitia mwisho, chembe chache tu. Akaonja, na hakusikia kitu. Akaongeza? Hakuongeza. Akasimama na kijiko mkononi akisubiri mtu aseme "bado," na hakukuwa na mtu. Akapakua vilevile.

Mama mdogo alikula kijiko kimoja, akasukuma sahani.

"Mkono wa dada yangu kaenda nao," alisema mbele ya waombolezaji wote. "Mwanangu, haya ni maji ya kuoshea vyombo. Miaka yote ile karibu naye, hukujifunza hata chumvi?"

Ilikuwa kweli, maharagwe hayakukolea chumvi. Binti halikatai hilo. Lakini alijibu, na anasema sauti yake aliisikia kama inatoka chumba kingine.

"Mama mdogo, mama hakuwa akisikia ladha. Huo mkono unaousifu, miaka hii miwili umekuwa ukionja kwa ulimi wangu."

Mwenye sahani alishika sahani. Mama mdogo akasimama, akamwambia amemvua marehemu nguo mbele za watu, amevunja kiapo kabla udongo haujakauka, na kwamba hatakanyaga tena nyumba ile mpaka aombwe radhi. Akaondoka na viatu mkononi.

Hajarudi mpaka leo. Wiki tatu. Na hao wawili, wasikilizaji, ndio waliobaki katika familia ile. Binti hana mwingine wa kumwita mama wa aina yoyote.

Juzi mama mdogo alipiga simu hapa kituoni. Alikuwa mpole. Aliomba tumkumbuke dada yake kwa heshima, na kama binti atafika studio, aombe radhi hewani, kwa sababu dada yake alipendwa hewani. Akaniuliza pia, akishusha sauti, kama ni kweli. Nikamwambia amuulize binti. Akakata.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya kituo hiki natoa pole kwa binti, natoa pole kwa mama mdogo, natoa pole kwa majirani wa ngazi zote tatu. Na leo mchana, ukipakuliwa chakula, kabla hujasifu mkono, tazama kidogo jikoni. Uliza nani ameonja.

Binti yuko hapa. Ameketi mbele yangu, bado ana vumbi la vioo kwenye nyusi. Hajalia. Nilimweleza ombi la mama mdogo, akaomba dakika moja ya maikrofoni. Namwachia.

"Mama mdogo, shikamoo. Najua unasikiliza, umeiweka redio juu ya friji kama kawaida yako. Mama alinikataza kusema ili asionewe huruma. Nimesema, na hakuna aliyemwonea huruma, wanamshangaa. Ulikula chumvi ya mara mbili ukasifu, kwa sababu ulimpenda. Na mimi nilivuka barabara kila saa sita kwa sababu hiyohiyo. Maharagwe yale hayakukolea chumvi, ulisema kweli. Mpaka leo sisikii ladha. Chumvi natia kwa kukisia tu. Leo napika tena, na sina wa kuniambia bado. Kitambaa nitakining'iniza dirishani saa sita. Ukikiona, panda ngazi, onja kijiko kimoja, useme. Lakini radhi siombi."