Rhoda Anataka Kwenda Juu, Baba Hajasema

Benchi letu liko nje ya saluni ya Bibiane, Mount Druitt, Sydney, ng'ambo ya kituo cha mabasi. Jumamosi hiyo ilikuwa ya mwezi wa saba, baridi inang'ata masikio, na jua linapiga upande mmoja tu wa benchi, kwa hiyo likisogea nasi tunasukumana makalio kulifuata. Kahawa ni yangu, tangawizi ni yangu, vikombe ni vya Bibiane, na habari ni za kila mtu. Habari ya siku hiyo ilikuwa ya Mzee Fomu. Wazazi wake walimwita Ulimboka, ila hapa ukiwa na karatasi ya Centrelink, ile ofisi ya misaada ya serikali, ya shule au ya nyumba, unampelekea yeye, na hajawahi kushindwa na kisanduku. Safari hii alikaa na karatasi mapajani, kalamu haijafunguliwa. Bintiye Rhoda ni injinia huko Amerika, jangwani, kwenye kampuni moja ndogo inayotengeneza chombo cha kupeleka watalii angani. Chombo chenyewe hakijabeba mtalii hata mmoja. Bado kinajaribiwa. Na Rhoda kachaguliwa akakae ndani, kwenye kiti cha abiria, ajaribu mikanda na madirisha. Kamwambia baba yake: "Usiponibariki, siendi. Nitakupigia saa nne asubuhi ya kwenu." Saa tatu na nusu ilikuwa imeshapita.

Wa kwanza kufungua mdomo alikuwa Kiprono, Mkenya wetu. Anaendesha forklift, mashine ya kunyanyulia mizigo, kwenye ghala huko St Marys, na jina lake ndilo hilo.

Forklift: Mzae, skiza. Sisi kwa warehouse, rack mpya haiwekwi mali ya watu. Tunapandisha magunia ya mchanga kwanza. Si hao pia waweke magunia?

Mzee Fomu: Wameshaweka. Mara mbili. Yamerudi salama.

Forklift: Sasa mtu ni wa nini?

Mzee Fomu: Gunia haliwezi kusema kama mkanda unabana.

Mimi: Wala halitapiki.

Upande wa pili wa Mzee alikaa Mushagalusa, mtu wa Bukavu. Tunamwita Shemasi, ingawa hakuna kanisa lililowahi kumpa ushemasi. Nadhani alijipa mwenyewe kwenye treni.

Shemasi: Mi nauliza kitu moja. Batu ya mali banalipa kufika kule, juu ya kufanya nini?

Mzee Fomu: Kuelea. Dakika nne hivi. Halafu wanashuka.

Shemasi: Dakika ine! Hata chai haiyapoa!

Mimi: Usidharau dakika, Shemasi. Yule mama wa kwaya aliyekwama kwenye lifti mjini alikaa humo dakika arobaini, akatoka anamsemesha mumewe. Walikuwa hawajasemeshana mwaka mzima. Ila kwa nini walinuniana, hilo siwezi kusema.

Wote wakanigeukia. Nikanywa kahawa yangu. Mwishowe nilisema, lakini si la kuandika hapa.

Forklift: Mzae, usijipe pressure. Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Kazi yako ni kungoja tu.

Mimi: We mtoto! Hiyo ni ya kumngojea mtu mwenye majivuno aanguke!

Forklift: Kwani Rhoda atashuka aje?

Basi la kwenda Blacktown likaja, likashusha mtu mmoja, likaondoka. Mzee Fomu akainua ile karatasi aliyotumiwa na Rhoda, akaisoma kwa sauti yake ile ya kusomea watu barua mbaya.

Mzee Fomu: Imeandikwa hapa kwamba serikali haijakithibitisha chombo hiki kuwa ni salama kama inavyothibitisha ndege. Anayepanda anaelezwa hatari, anasaini kwamba kaelewa. Yeye kashasaini sehemu yake. Chini wanataka jina la mtu wa kupigiwa simu likitokea lolote.

Mimi: Si uandike lako?

Mzee Fomu: Mama Dorothea, nimejaza fomu za watu hapa miaka kumi na moja. Mtu wa kupigiwa simu, naandika huku nazungumza mengine. Kumbe siku zote nilikuwa najaza nini?

Hapo Shemasi ndipo alipoharibu.

Shemasi: Mi naona tukuwe wazi, ndugu zangu. Hapa mtu akikufa, siku ileile tuko na comité, tunatuma mwili nyumbani. Sasa ule mwili wa kule juu, kwa makaratasi tutaandika umetoka inchi gani? Kule juu hakuna ambassade, hakuna balozi.

Forklift: Ni kweli! Na secretary nani? Mimi niko kamati tatu tayari, siwezi.

Mimi: Mtoto yu hai, anakula, anaoga, na nyie mnamgawia vyeo vya msiba!

Nilisema hivyo kwa ukali sana, kwa sababu mwenyewe, Mungu anisamehe, nilikuwa nimeshawaza kitenge cha sare. Cha bluu. Tumezoea vibaya sisi watu wa mbali. Mtu akikohoa tu tunatafuta mweka hazina.

Forklift, kuona Mzee kainamisha kichwa, akatafuta la kumfariji, na akalipata kubwa.

Forklift: Ngoja kwanza. Anapanda siku gani?

Mzee Fomu: Jumamosi.

Forklift: Leo ni Jumamosi. Huko kwao?

Mzee Fomu: Bado Ijumaa jioni.

Forklift: Basi imeisha hiyo, Mzae! Sisi tuko mbele yao. Jumamosi tushaiingia na hakuna kitu imelipuka. Ingekuwa kwa simu yangu saa hii!

Shemasi: Eh! Kweli kabisa. Mungu iko mukubwa.

Na Mzee Fomu, baba wa injinia, akaitazama saa yake. Nilimwona. Kwa nusu dakika nzima aliamini.

Saa nne kasoro ndipo akaja Falone, mtoto wa dada yake Bibiane. Anakaa Guildford, anafanya kazi ya kutunza wazee, na alikuja na sare yake ya kazi asukwe nywele. Hakuwahi kukaa na sisi. Tukabanana apate nafasi, tukampa kahawa, tukamsimulia yote kwa mpigo, watu watatu tunasema pamoja. Akasikiliza mpaka mwisho.

Falone: Pole, Mzee. Lakini ile majaribio iko ngapi?

Forklift: Ngapi aje?

Falone: Kule kwa bazee betu, dawa mupya ikikuja, docteur anasema tutajaribu mara sita, nyuma tutajua. Ya binti yako iko mara ngapi, mbele ya kusema sasa inatosha?

Shemasi akatazama juu, kama jibu limeandikwa kwenye wingu. Mzee akaigeuza karatasi mbele na nyuma.

Mzee Fomu: Haimo humu.

Simu ikalia. Uso wa Rhoda ukajaa kwenye kioo, kavaa ovaroli, nyuma yake jua la jioni.

Rhoda: Shikamoo baba.

Mzee Fomu: Marahaba mwanangu. Majaribio ni mangapi?

Rhoda: Hili ni la tatu. Kwangu ni la kwanza.

Mzee Fomu: Sijauliza ni la ngapi. Nauliza yako mangapi mpaka yaishe.

Rhoda akasogeza simu, uso ukatoka kwenye kioo. Nikadhani mtandao umekatika.

Rhoda: Sijui, baba. Tukiona kasoro tunarekebisha, tunapanda tena. Hata tukishaanza kubeba watalii, bado tutakuwa tunajifunza.

Forklift: Yaani wanalipa ndio wajaribiwe?

Nikamfinya.

Mzee Fomu: Unaogopa?

Rhoda: Ndiyo.

Mzee Fomu: Bado unataka?

Rhoda: Ndiyo, baba.

Kwao Mzee Fomu mtoto akisafiri hukinga mikono, baba hutia maji mdomoni na kumpulizia. Mzee akanyoosha mkono, Falone akampa chupa yake ya maji. "Kinga," akasema. Na huko jangwani Rhoda akaegesha simu mahali, akakinga mikono miwili, na Mzee akapuliza. Maji yote yaliishia kwenye kioo. Shemasi akaifuta simu haraka kwa skafu yake, huku anasema amina.

Mzee Fomu: Nimebariki la kesho. Moja. La nne sijabariki. Ukilitaka, uje hapa ulikingie kwa mikono yako.

Rhoda: Baba, Sydney ni mbali jamani.

Mzee Fomu: Wewe unakwenda angani, unaniambia Mount Druitt ni mbali?

Akacheka yule binti, kisha akajifuta macho kwa kiwiko.

Rhoda: Nitakuja, baba.

Simu ilipokatika, Mzee alifungua kalamu, akaandika jina lake kwenye kisanduku kwa herufi kubwa, na namba yake. Chini yake, mahali ambapo hapana kisanduku, akaandika namba yangu.

"Ikiwa nitashindwa kupokea," akasema.

Nikaitikisa chupa ya kahawa. Kilikuwa kimebaki kikombe kimoja, nikampa yeye.