Bernadina Tluway na Ua Lililovuliwa Jina

Baba Paroko, viongozi wa Chama cha Wapenda Maua Karatu, ndugu, majirani na waombolezaji wote, mimi ni Inosenti, kitinda mimba wa mzee Tluway, familia imenituma niwasomee maisha ya dada yetu, nami nitayasoma kama alivyoyaishi, maana mwenyewe alichukia watu wanaopakwa sukari msibani.

Marehemu Bernadina alizaliwa tarehe 14 Machi 1931 huko Kainam, Mbulu, mtoto wa kwanza wa mzee Tluway Qamara, na mwaka 1933 akazaliwa Germana, huyu aliyeketi mbele yenu, na mama alikuwa akisimulia kwamba siku hiyo Bernadina alikataa uji, akanuna, na kwa kweli, ndugu zangu, hakuacha kununa mpaka juzi.

Alianza shule ya misheni mwaka 1940, akaiacha mwaka 1944, wiki ile ile Germana aliporushwa darasa na kuletwa kwenye dawati lake. Mwaka 1950 aliajiriwa kutunza bustani katika hoteli moja ukingoni mwa kreta, akaifanya kazi hiyo hadi 1969, na tarehe 8 Januari 1953 alifunga ndoa takatifu hapa Karatu na shemeji yetu Josephati, wakajaliwa watoto wanne, nao wote wapo hapa.

Mwaka 1973 shemeji alipeleka mahindi Nainokanoka, akarudi na kiazi cha ua la mwituni liitwalo airisi, alichochimbiwa na rafiki yake Koinet, marehemu akakipanda nyuma ya jiko, kikatoa ua la zambarau, akalisajili chamani kwa jina la Bernadina, na Operesheni Vijiji ilipotuhamisha mwaka 1974 alibeba ua kwanza, sufuria zikafuata. Ua kuitwa kwa jina lake, hiyo ndiyo ilikuwa raha yake duniani, hakuwa na nyingine ya kuizidi.

Sasa Germana naye, mwaka 1977, akachimba airisi nyeupe mlimani Oldeani, akaisajili kwa jina la Germana, na Pasaka ile ikawekwa altareni, watu wakaisifu mpaka nje ya kanisa. Basi wivu ukawaka moyoni mwa marehemu, hatufichi kitu, majirani mlimsikia, akawa hapiti tena njia ya kwa mdogo wake, anazunguka bondeni kwenda kuteka maji, na ndoo kichwani.

Tarehe 12 Agosti 1978 alisimama kwenye mkutano mkuu wa chama, akasema mmea uliochimbwa porini umepandwa na Mungu, mchimbaji hana alichokifanya, kwa hiyo usajiliwe kwa jina la mahali ulipotoka, na jina la mtu lipewe tu ua ambalo mtu amelizalisha kwa mbegu bustanini mwake. Alisema vizuri, watu wakapiga makofi, sheria ikapita, naye akatazama kwa Germana akatabasamu. Lo! Katibu Philbert akaanza kurekebisha usajili pale pale, akaanzia juu, na juu kabisa alikuwa Bernadina, ua likageuka Nainokanoka, kisha ndipo la Germana likageuka Oldeani. Mkuki kwa nguruwe mtamu, jamani.

Tangu hapo alihangaika na mbegu ili alirudishe jina lake, lakini miche yake ililiwa na fuko, naye akashikilia kwamba fuko hao wanatokea upande wa Germana. Mwaka 1983 Germana akachanusha ua lake la mbegu, akalisajili kihalali kwa jina lake, la marehemu halikuchanua hata moja.

Presha ilimwanza mwaka 1985, figo zikafuata, akalazwa tarehe 3 Mei 1987, na aliyemwogesha na kumlisha siku zote hizo ni Germana, ambaye kila alipoulizwa na mgonjwa kuhusu maua yake alijibu kwamba mwaka huu hayakuchanua, ingawa sisi tulikuwa tukiyaona. Dada alifariki tarehe 19 Mei 1987, alfajiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, majirani mlioleta kuni na maji, wafanyakazi wenzake wa zamani wa hotelini, na chama kwa gari.

Limebaki agizo moja. Kwa desturi yetu wa karibu huweka shada kwanza, lakini dada aliniita akaniapisha kwamba Germana aitwe wa mwisho kabisa, nyuma ya chama, nyuma hata ya wageni, na Germana alikuwapo na beseni mkononi, akakubali haraka mno, mimi sikuelewa. Nimeelewa leo asubuhi, nilipokuwa napanga mashada. Agizo litatimizwa, dada, ataitwa wa mwisho, na shada la mwisho ndilo hukaa juu ya mengine yote.

Pumzika kwa amani, Bernadina wetu, usihangaike tena kutazama lililo juu ni la nani.