Kiporo na Kifungo cha Koti

Ndugu, jamaa na marafiki, mimi ninayewasomea ni dada wa marehemu, mtoto wa pili kwa mama yetu. Yeye alikuwa wa nne, kitinda mimba. Kazi ya kuandika wasifu huu alipewa kaka yetu mkubwa, na aliuandika vizuri, ukurasa mmoja, wenye neno "mcheshi" mara tatu. Huo haumo kwenye kijitabu mlichoshika. Juzi nilikwenda kwenye duka la uchapaji alikofanya kazi marehemu, nikautoa wa kaka, nikauweka huu. Kaka, utanisamehe ukipenda. Mama nilimwambia mapema, naye akanijibu, "Andika ukweli, ila usiwachoshe watu juani." Nitajitahidi.

Marehemu alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1984, alfajiri, katika hospitali ya serikali, kitanda cha tatu kutoka mlangoni. Wakunga walikuwa wanapokezana zamu, kwa hiyo aliyeanza kumzalisha mama siye aliyemaliza. Utotoni alikuwa na tabia ya kula nusu sahani, kisha anaifunika nusu iliyobaki na kusema, "Hii ya kesho." Baba akamwita Kiporo. Jina likamganda, shuleni, mtaani, mpaka kazini. Lilianza kama utani tu, na baba hakuwa na nia mbaya. Sisi wengine ndio tuliolitia sumu.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1991 hadi 1997, na sekondari kuanzia 1998 hadi Novemba 2001. Nyumbani kwetu husemwa kwamba Kiporo hakumaliza shule. Kwa miaka ishirini na nne nimelisikia hilo kwenye vikao vya familia na sikuwahi kufungua kinywa, basi leo nalijibu mbele yake. Alifanya mitihani yote isipokuwa mmoja, wa mwisho. Asubuhi ya mtihani huo baba alianguka bafuni. Kaka mkubwa alikuwa kazini mji mwingine. Mimi nilikuwa chuo cha ualimu, na nilipopigiwa simu ofisini kwa mkuu wa chuo nilisema siwezi kutoka, nina mtihani. Kiporo naye alikuwa na mtihani. Alivua sweta la shule, akambeba baba mgongoni mpaka barabarani, akakaa naye wodini siku kumi na mbili, hadi baba alipofariki. Mimi nilifaulu kwa daraja la kwanza.

Mwaka 2005 aliajiriwa katika duka la uchapaji lililo nyuma ya kituo cha afya, na hapo alifanya kazi miaka ishirini: kuchapa barua, kutoa nakala, kupanga kadi za harusi na vijitabu vya mazishi. Hiki mlichoshika kimetoka kwenye mashine yake ileile. Wasifu za watu alizichapa kwa mamia, na zilimchosha. Siku moja nilimkuta ameshika karatasi, anatikisa kichwa.

"Dada, hivi umeona? Hapa mjini watu wote wanakufa wakiwa wacheshi."

"Ulitaka waandikeje?"

"Yule bwana wa jana alikuwa anapiga watoto wa jirani kwa mkanda. Mcheshi! Mimi nikifa, usiniandike mcheshi. Andika nilikuwa na maoni."

Na maoni alikuwa nayo. Wengi wenu mnajua alipenda gemu za video, na najua mnavyolisema hilo: mtu mzima, na mvi zimeanza, anacheza gemu. Hazikuwa zile za bunduki na mpira. Zilikuwa ndogo ndogo, za ajabu ajabu, zinazotengenezwa na mtu mmoja au wawili chumbani kwao. Kuna moja ya kobe anayefua nguo za mji mzima. Nyingine ni ya chura fundi redio. Nyingine ya mbuzi aliyevaa koti, abiria pekee kwenye kituo cha treni, na kazi yako ni kumchemshia chai. Kila siku alirudi kutoka kazini saa kumi na mbili jioni, akaoga, akacheza mpaka chakula kiive. Ulevi wake ulikuwa huo, na hakumpigia mtu kelele.

Maoni yake aliyaandika nyuma ya karatasi zilizoharibika dukani, akazitunza kwenye faili la bluu. Ninalo hapa. Anasema: "Gemu ikikuwekea saa ya kukuhesabia dakika, hiyo ni ajira." Anasema: "Kila gemu ya kupumzika lazima iwe na kuvua samaki. Nani kawaambia mtu akichoka anataka samaki?" Kuhusu moja ambayo watu waliisifu sana, ameandika mstari mmoja tu: "Sungura wamejaa, roho hamna." Ile ya chura aliipenda kwa sababu ukisimama bila kufanya lolote, mvua inaendelea kunyesha na hakuna anayekuuliza mbona umesimama.

Oni kubwa kuliko yote limeandikwa kwenye karatasi ya kwanza, kwa herufi kubwa: KAZI YA MWISHO USIIFANYE. Chini yake ameeleza. Ukimaliza kazi ya mwisho, muziki unapigwa, majina ya watengenezaji yanapita, na wale waliomo ndani hawana shida na wewe tena. Ukiibakiza, bado wanakungoja. Kwa hiyo kila gemu aliifikisha mlangoni, akaiacha. Kwenye ile ya kobe alibakiza shati moja kambani, la mwokaji mikate. Shati lile lilikaa kambani miaka sita. Jioni nyingine aliingia kulitazama tu, akatoka.

Tarehe 9 Agosti 2014 alimuoa fundi cherehani, mwanamke mpole mwenye mikono yenye nguvu. Hawakujaliwa mtoto, na sisi, kwa midomo yetu, hatukumwacha wifi apumue. Mimi nilimuuliza kwenye msiba wa watu, mbele ya mashoga zake, "Wifi, vipi, bado tu?" Mwaka 2019 alifungasha nguo zake, akahamia chumba cha nyuma ya duka lake la kushonea. Kaka mkubwa akaleta karatasi za talaka ili Kiporo aoe mwingine. Kiporo alizipokea kwa mikono miwili, akasema ahsante kaka, akazitia kwenye droo. Kila tulipomuuliza alisema atazisaini. Droo hiyo nimeifungua wiki hii. Hazikusainiwa, na nyuma yake ameandika maoni kuhusu gemu ya mbuzi.

Figo zake zilianza kushindwa mwaka 2022. Kuanzia Februari 2023 alikuwa akienda hospitali kusafishwa damu kila Jumanne na Ijumaa, kwa muda wa saa nne kwenye kiti, na hakulalamika isipokuwa kuhusu televisheni ya mle ndani. Machi mwaka huu kaka alikwenda kumjulia hali nyumbani, akaikuta kompyuta imewaka. Akauliza, "Hapa imebaki kazi ngapi?" Akajibiwa, moja. Jumapili hiyo, chakula kikiwa mezani, kaka alisema, "Jamani, huyu Kiporo hata kwenye gemu hamalizi!" Tulicheka. Mama hakucheka. Mimi nilicheka mpaka nikapaliwa. Marehemu alikunja kitambaa chake, akamwomba mama chumvi.

Sasa nafika pale ambapo kaka aliandika, "Aliugua kwa muda mfupi akiwa amezungukwa na upendo wa familia."

Aprili alilazwa siku kumi na tisa. Shule zilikuwa zimefungwa, nikachukua ufunguo wa chumba chake ili nifagie na kufungua madirisha. Mimi ni mwalimu wa hesabu. Swali lililoachwa wazi linaniwasha mwili mzima. Nikakaa kwenye kompyuta, nikaona gemu saba, kila moja imebakiza jambo moja. Nikakumbuka kicheko cha mezani, nikajisemea, huyu mdogo wangu nitamsitiri. Nitammalizia zote, na kaka hatapata tena la kusema. Nilikuwa nimeliona faili la bluu na karatasi ya kwanza nilikuwa nimeisoma. Nisidanganye kaburini. Niliisoma, nikaona ni visingizio vya mtu asiyemaliza mambo.

Siku kumi na tisa, kila mchana, nilicheza. Chura nilimpa redio yake ya mwisho, akafunga duka. Mbuzi nilimpandisha treni. Mwokaji nilimkabidhi shati, kobe akaingia ndani ya gamba lake, majina yakapita. Kwenye faili niliweka alama ya vyema kwa kalamu nyekundu mara saba.

Wahenga walisema tenda wema nenda zako. Mimi nilitenda, nikasimama palepale kungoja sifa. Siku aliyotoka hospitali nilimkalisha mbele ya kompyuta, nikaiwasha. Alitazama kamba ya nguo ya yule kobe kwa muda mrefu. Ilikuwa tupu.

"Nani kampa mwokaji shati lake?"

"Mimi. Nimekumalizia zote saba. Aje sasa kaka aseme!"

Akarudi kuitazama kamba. Nikaona mambo hayaendi nilivyopanga, nikasema, "Si unaanza upya tu?"

"Kuanza upya ni kwa mwenye muda, dada." Halafu akasema, "Lile shati nililiacha mwezi aliohama wifi yako."

Nikaanza kujieleza. Akaniwekea mkono begani, yeye mgonjwa, mimi mzima, akasema, "Haya. Ahsante. Izime tu." Hakuiwasha tena. Maji yakimwagika hayazoleki, na mimi niliyamwaga yote, ndoo saba, kwa mwendo wa mtu anayejisifu kwa usafi. Najua kuna watakaosema ni gemu tu. Na iwe gemu tu. Mtu alikuwa amebakiwa na sehemu saba za kwenda ambako bado anahitajika, na dada yake akazifunga zote, mwenyewe akiwa kitandani na mrija mkononi.

Toka hapo jioni zake alizimaliza akitazama ukuta. Kila Jumamosi bado alitoka, akasema anakwenda kunyoosha miguu, nasi hatukuuliza.

Alifariki Jumamosi, tarehe 6 Septemba 2025, saa nne na dakika ishirini asubuhi. Kaka aliandika "nyumbani kwake." Alifariki kwenye stuli, ndani ya duka la kushonea la mke wake, ambako alikwenda kila Jumamosi kwa miaka sita bila sisi kujua. Wifi alikuwa anatia zipu kwenye sketi ya shule. Alimuona amelaza kichwa ukutani, akadhani kasinzia, akapunguza mwendo wa cherehani ili asimwamshe. Alipomaliza zipu ndipo alipomgusa. Nikitafakari sana, naona kaka hakukosea. Palikuwa nyumbani kwake.

Siku ya tatu ya msiba wifi alikuja kwetu, akakalishwa nje pamoja na majirani. Nilimfuata. Akatoa kwenye pochi kifaa kidogo cha mkononi cha kuchezea gemu, kimefungwa kwenye kitambaa.

"Hiki alikuwa anakiacha kwangu, kwenye droo ya vifungo," akasema. "Kuna gemu moja. Tulikuwa tunacheza wote."

Ni ya makumbusho ya vifungo vya nguo. Kuna mlinzi mzee, na wewe unamtafutia vifungo vilivyopotea mjini, mia tatu na kumi na mbili. Vyote vimewekwa kwenye makabati. Kimebaki kimoja, cha koti la kijani, na walikwisha kukipata zamani. Kimo mfukoni mwa mchezaji, mlinzi hajapewa. Maneno ni ya kigeni, Kiporo alikuwa akimtafsiria. Kila asubuhi mlinzi anafagia ngazi, anatazama barabarani, anasema, "Leo hatufungui bado. Kuna kifungo kiko njiani."

Wifi akaninyooshea kile kifaa nikione vizuri. Nilirudisha mikono yangu nyuma ya mgongo.

"Shika wewe, wifi," nikamwambia. "Mimi nisiguse."

Kwenye wasifu wa kaka, wifi hakuwemo. Asiyekuwepo na lake halipo, lakini huyu alikuwepo. Sisi ndio tuliokuwa hatupo. Basi wanaobaki nyuma ya marehemu ni hawa, na nawataja kwa mpangilio wa haki. Ameacha mke, fundi cherehani, aliyekaa mstari wa mwisho kabisa kule nyuma; naomba walio mbele wampishe. Ameacha mama. Ameacha kaka mmoja, dada mwingine aliyenifuata mimi, na mimi. Ameacha wenzake wa duka la uchapaji. Ameacha karatasi ambazo hazitasainiwa. Ameacha mlinzi mmoja mzee, anayefagia ngazi.

Mdogo wangu, sikukuandika mcheshi. Pumzika kwa amani, na kilichobaki, kibaki.