Kanda Ishirini na Saba za Chiriku

Ndugu, jamaa na majirani, kabla hatujamteremsha mwenzetu, familia inaomba kila mtu akae, wenye miwani waivae, na aliye na ile karatasi ya ratiba aifungue ukurasa wa pili, maana maisha yaliyoandikwa pale na mtangazaji wa kipindi cha nyimbo za zamani si ya marehemu wetu, na haya yanayosomwa sasa na mjukuu yametoka kinywani mwa dada mkubwa wa marehemu, fundi cherehani, aliyeishia darasa la tatu lakini kuhesabu moja mpaka ishirini na saba hakujawahi kumshinda.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1948, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha mbao, mtoto wa pili na wa mwisho wa mlinzi wa kiwanda hicho na mama aliyekuwa akifua sare za wauguzi, na jina la Chiriku alipewa na dada yake kabla hajaota meno, kwa kuwa mtoto yule alikuwa hanyamazi, akiogeshwa anaimba, akichapwa analia kwa mpangilio.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwao kuanzia Januari 1956 hadi Desemba 1963, ambapo dada yake alitolewa shule ili ada imtoshe yeye, jambo ambalo dada hakuacha kumkumbusha kila alipokosea, kwa muda wa miaka hamsini, na tarehe 3 Juni 1966 aliajiriwa kuwa karani wa stoo katika bohari ya vifaa vya ujenzi, akawa anatunga nyimbo nyuma ya karatasi za kupokelea misumari, mpaka bosi wake akamwambia achague moja, naye mwaka 1971 akachagua nyimbo, akajiunga na bendi.

Akiwa na bendi alitoa albamu kumi na moja, ya kwanza mwaka 1974 na ya mwisho Mei 1989, na kanda ya kwanza ya kila albamu alimletea dada yake, tarehe ameiandika kwa mkono wake, dada akaipanga kwenye droo ya cherehani pamoja na bobini na vifungo, akazisikiliza zote, na kwa kuwa hatutasema uongo mbele ya jeneza, ya sita ilikuwa mbovu na alimwambia siku ileile.

Tarehe 20 Desemba 1975 alifunga ndoa na mkunga wa zahanati, mwanamke mcheshi aliyeweza kuongea tangu chai ya asubuhi mpaka taa inazimwa, wakajaliwa binti, Aprili 1977, ambaye sasa ni mwalimu, na mwana, Septemba 1980, ambaye sasa ni dereva wa lori, wote wawili wako hapa mstari wa mbele.

Tarehe 11 Oktoba 1989 yule mkunga alianguka jikoni, akapooza upande wa kulia na maneno yakampotea yote, akawa anakutazama machoni na hata maji hawezi kuyaomba, na wiki ileile marehemu akaiaga bendi, na hapa ndipo karatasi yenu inaposema, someni wenyewe mstari wa tisa, ati mwaka 1989 kipaji kilimwishia, akanyamaza, inasemekana kwa sababu ya ulevi.

Inasemekana na nani? Marehemu hakuonja pombe tangu harusi ya binamu yake mwaka 1969, alipotapika kwenye viatu vya bwana harusi, na kama huyo mtangazaji aliyekaa pale karibu na spika angevuka barabara akauliza, angeambiwa kwamba daktari alimweleza marehemu kuwa mtu aliyepotewa na usemi wakati mwingine huweza kuimba, hivyo akarudi nyumbani akaanza kutunga, wimbo wa kuomba maji, wimbo wa kusema panauma hapa, wimbo wa majina ya watoto, na kila siku saa nne asubuhi alimshika mkono mkewe akamleta chumba cha cherehani, akamketisha karibu na mlango, dada akakanyaga mashine bila kitambaa ili mdundo usikatike, marehemu akaimba, mkewe akaitikia neno moja, kesho mawili, na siku aliposema “maji” bila kuimba, dada alikanyaga mpaka mkanda wa mashine ukakatika.

Nyimbo hizo ni albamu kumi na sita, kuanzia Februari 1990, zote zilirekodiwa kwa redio kaseti ya nyumbani, na tarehe 6 Mei 1996 dada alizibeba tisa za mwanzo kwenye mkoba wa nguo mpaka redioni, mtangazaji huyuhuyu, wakati huo kijana wa shingo nyembamba, akasikiliza dakika moja, akasema, “Mama, huu si muziki, hiki ni kiwanda,” naye akamjibu, “Kiwanda hicho ndicho kilichokushonea kaptula ya shule, na ulikuja kupimwa huku kamasi zinakutoka,” kisha akazibeba zote akarudi nazo.

Ni kweli kwamba marehemu alinyamaza, lakini alinyamaza tarehe 9 Agosti 2003, siku aliyomzika mkewe, gitaa akalitundika ukutani, na kwa hilo alikuwa na haki.

Mwaka 2011 alipatikana na kisukari, kikaingia kwenye figo, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, na alifariki Alhamisi tarehe 6 Februari 2014, saa kumi alasiri, wodi namba nne, dada yake akimkemea kwa kukataa uji.

Kuanzia Ijumaa asubuhi hadi Jumapili alasiri dada na mjukuu walizitoa kanda zote kwenye droo wakazisikiliza moja baada ya nyingine, mbili zilikatika zikaungwa kwa selotepu, ya sita bado ni mbovu, na ya kumi na tisa, upande wa pili, palipokuwa na wimbo wa majina ya watoto, pana harusi, vigelegele na mtu anatafuta funguo za gari, kwa kuwa mwaka 1998 dada huyuhuyu anayewasema wenzake aliirekodi harusi ya binti yake mwenyewe juu ya wimbo huo bila kutazama tarehe, na marehemu alijua, akakaa kimya miaka yote hiyo, basi lawama hiyo nayo iandikwe.

Familia inamshukuru daktari wa figo na wauguzi wa wodi namba nne, majirani waliovumilia wimbo mmoja mara arobaini kwa siku bila kugonga ukuta, wanabendi wawili waliokuwa wakija kumtembelea, na hao wengine waliokuja leo na miwani myeusi, na mtangazaji pia kwa kuchapa karatasi, ila sasa wenye kalamu zitoeni, kateni albamu kumi na moja muandike ishirini na saba, kateni ulevi, na yeye akate kwanza, tunamsubiri, kwa sababu Jumapili ataisoma redioni na dada atakuwa anasikiliza.

Bendi iliyopangwa kupiga ipumzike kidogo, mjukuu atabonyeza kanda ya kumi na tisa pale harusi inapoishia, zimebaki dakika mbili za wimbo usio na mwanzo, cherehani inalia, kisha mtasikia sauti ya mwanamke, nzito lakini safi, akisema bila kuimba, “Chiriku, fungua dirisha, joto.”

Pumzika kwa amani, ndugu, dirisha tutafungua sisi.