Kimo cha Pipi

Jumapili asubuhi, ndani ya treni ya kwenda Werribee, kwenye mbio za mbwa za kupokezana na kuruka viunzi, mbwa wawili walilala kimya. Waliobweka ni wenye mbwa.

"Leo Bolt akishinda anapata medali yake," alisema Neville, mwenye mbwa mrefu. "Lakini hako kapanya kako katatuchelewesha, Bronwyn! Mbwa wanne wanapokezana; watatu wanaruka, mmoja anatembea!"

Nikiwa abiria wa kiti cha pili, damu ilinichemka. Mimi pia ni mfupi.

Bronwyn akamfunika Pipi, mbwa wake mdogo aliyelala kapuni, masikio. "Kapanya? Viunzi vinapimwa kwa kimo cha mbwa mfupi kuliko wote, bwana wee. Bila Pipi vinapandishwa, na Bolt wako atavigonga kwa tumbo. Haya, leo Pipi anapumzika."

"Usinitanie, dada."

"Tena timu ya Geelong wanamtaka. Wamemwahidi soseji."

"Medali ni ya Bolt, si ya timu!"

"Basi akimbie peke yake, ajipokeze mwenyewe!"

Nilikaribia kupiga makofi, ila treni ikasimama. Neville aliinuka wa kwanza, akalibeba kapu la Pipi kwa mikono miwili kama keki ya harusi, akashuka nalo taratibu, bado anabisha.